Laktomita ya nyuzi 20: kisa cha mwanafunzi wa fildi kituoni kwetu Tanga

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikisimamia wanafunzi wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo ya vyuo, katika kituo cha kukusanyia maziwa, upande wa Pongwe, nje kidogo ya katikati ya jiji la Tanga. Wengi wao majina yao yamenitoka, na sidhani kama wao wananikumbuka. Huyu mmoja nimeamua kukiandika kisa chake chote, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina. Kila nikisikia watu wanalalamika kwamba wahitimu wetu hawana uzoefu, namkumbuka yeye na mambo niliyoyaona kwa macho yangu katika misimu miwili aliyokaa nasi.

Alifika mwezi Julai, amemaliza mwaka wa pili wa shahada ya sayansi ya chakula. Mkononi alikuwa na barua ya chuo yenye muhuri, fomu ya tathmini, na lile daftari la kumbukumbu za kila siku ambalo wenyewe huliita logibuku. Wiki nane. Chuo chake kiko mkoa mwingine, safari ya mchana kutwa kwa basi. Alipanga chumba Mabawa na mwenzake wa kike, akawa anawahi daladala ya kwanza ya Pongwe kabla hakujapambazuka. Pesa ya kujikimu ilikuwa haijaingia, kwa hiyo mwezi wa kwanza aliishi kwa alichotumiwa na mama yake.

Wiki tatu za mwanzo aliosha keni. Kosa hilo ni langu na nalisema mapema. Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wafugaji wanapanga foleni na baiskeli, pikipiki, wengine kwa miguu, na kila dakika maziwa yanapokaa nje ya tangi bakteria wanaongezeka. Inatakiwa yapimwe, yapokelewe, yashuke hadi nyuzi 4 haraka iwezekanavyo. Katika pilika hizo hakuna mtu mwenye nafasi ya kufundisha, basi mgeni hupewa kazi ambayo hata akiiharibu hasara si kubwa. Nilimpa keni na madumu. Alianza kwa maji ya baridi, kwa sababu ukianza na ya moto protini ya maziwa inagandia ukutani, kisha maji ya moto na sabuni, kisha akazigeuza kichwa chini juu ya chanja zikauke. Alifanya vizuri bila kunung'unika. Ofisini kwetu msimu huohuo alikuwepo kijana wa uhasibu kutoka chuo kingine, yeye kazi yake ilikuwa kupanga risiti na kutoa kopi. Nitamrudia huyo kijana baadaye.

Wiki ya nne, asubuhi moja, mpokeaji wetu alikataa maziwa ya mzee mmoja. Mzee huyu anakaa karibu sana na kituo, robo saa kwa baiskeli, na ana ng'ombe wawili tu. Mpokeaji alitumbukiza laktomita, kile kijiti cha kioo cha kupimia uzito wa maziwa, kwenye mtungi wa kipimo, ikaelea, akasoma 26. Kwetu ikisoma chini ya 28 tunahesabu yametiwa maji.

"Wallahi sijatia hata tone," mzee akasema. "Nimekamua baada ya sala ya alfajiri, nimekuja moja kwa moja."

"Mzee wangu, kipimo hakina undugu," mpokeaji akamjibu, naye hakuwa na ubaya wowote. Kuna wanaotia maji kweli, na mpokeaji akiwalegezea hasara inawaangukia wafugaji wote. Mzee akafunga kifuniko cha keni yake mbele ya foleni nzima, akageuza baiskeli. Ukiwa mtu wa Tanga unajua uzito wa kuitwa mwongo mbele ya majirani uliokua nao.

Saa nne, foleni ilipokwisha, yule binti wa fildi akanijia pale nilipokuwa nikijumlisha lita.

"Mama, samahani. Ile keni ya babu nilimsaidia kuishusha. Ilikuwa ya moto."

Sikumwelewa. Akaenda akachukua laktomita, akaipangusa, akanionyesha maandishi madogo kwenye shingo ya kioo: 20°C. Laktomita ile imetengenezwa kusoma sawasawa kwenye maziwa ya nyuzi 20. Maziwa yakipata joto hutanuka, yanakuwa mepesi, na chombo kinazama zaidi na kusoma chini. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 unaongeza 0.2 kwenye kile ulichosoma. Tukangoja hadi kesho yake, mzee akatuma mjukuu wake kujaribu tena, tukachukua kipimajoto cha tangi, tukakitia kwenye keni. Nyuzi 33. Laktomita ikasoma 26 kama jana. Nyuzi 13 mara 0.2 ni 2.6. Maziwa ya mzee yalikuwa 28.6, tena mazima kabisa.

Kilichoniumiza zaidi nilikigundua jioni nikiwa nyumbani. Maziwa yanatoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe. Anayekaa mbali anafika yameshapoa njiani. Anayekaa karibu, aliyekamua sasa hivi na kukimbia kuja kituoni kama tulivyomfundisha, ndiye maziwa yake ni ya moto, ndiye laktomita inamsoma chini. Kwa muda wote huo tulikuwa tukimshuku mtu mwenye maziwa mabichi kuliko wenzake.

Mimi mwenyewe nilisoma mifugo Buhuri, hapahapa Tanga. Nilifundishwa marekebisho ya joto, nikafanyia mtihani, nikafaulu. Lakini fomu yetu ya kupokelea haikuwa na sehemu ya kuandika joto, mapokezi hapakuwa na kipimajoto, na kwa kuwa maziwa mengi yana uzito wa kutosha kupita hata yakiwa ya moto, wanaoumia ni wachache walio ukingoni. Kitu usichokiandika kila siku kinakutoka. Mpokeaji alifundishwa na aliyemtangulia, na aliyemtangulia alifundishwa vilevile.

Baadaye nilimuuliza binti kwa nini wanafunzi waliomtangulia, waliosoma somo hilohilo, hawakuliona. Alifikiri kidogo, akasema maabara ya chuo hutumia maziwa yaliyotoka kwenye friji, yanapashwa kwenye maji hadi yafike nyuzi 20, ndipo mnapima. Kanuni ya kuongeza 0.2 wanaijua, ila kwenye karatasi. Hajawahi kukutana na maziwa yaliyoihitaji. Kilichomfungua macho ni mikono: wiki tatu za kushika keni moja baada ya nyingine zilimfundisha kwamba nyingine huja za baridi, nyingine vuguvugu, na ya yule babu siku zote ni ya moto.

Nimelirudia jibu hilo kichwani mara nyingi. Asingekuwa na darasa, joto la keni lingebaki joto tu. Mimi na mpokeaji tumeshika keni za moto miaka na miaka. Asingeosha keni, kanuni ingebaki kwenye daftari. Hakuna mwalimu wala msimamizi aliyepanga vikutane. Vilikutana kwa bahati, wiki ya nne kati ya nane, kwa sababu mimi nilikuwa nimezidiwa na kazi na yeye ana tabia ya kutazama. Na huwezi kuendesha elimu ya taifa kwa kutegemea bahati ya namna hiyo.

Alitaka kumwambia mpokeaji palepale, mbele ya wafugaji, kwamba amekosea. Nikamzuia. Tukamwita mpokeaji pembeni, tukamwonyesha chombo, tukamwacha asome mwenyewe maandishi yake. Alinyamaza kitambo, halafu akauliza, "Tumewarudisha wangapi?" Hakuna aliyemjibu. Mchana tukaenda wote watatu nyumbani kwa mzee. Binti akaketi kwenye mkeka, akaanza na shikamoo, akaulizia hali ya nyumba, ya mjukuu na ya ng'ombe, ndipo akaeleza suala la joto kwa mfano wa samli inavyoyeyuka na kutanuka kwenye chupa. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Haya, mjukuu wangu," akasema, "kipimo chako sasa kinajua joto. Je, kinajua ng'ombe amekula nini?"

Binti alikuwa hana jibu la haraka. Mzee akatupeleka zizini. Mabingobingo, yale majani ya malisho, yalikuwa yamekomaa, magumu kama fimbo, pumba hakununua mwezi ule. Ng'ombe akila vibaya, yabisi za maziwa hupungua na uzito unashuka bila mtu kutia maji. Hilo nalo limo kwenye vitabu vya binti, sura nyingine, somo jingine, mwalimu mwingine. Pale zizini vyote vilikuwa kitu kimoja.

Sasa chuo. Mwalimu msimamizi alikuja mara moja, wiki ya sita, akiwa na wanafunzi wengine wengi wa kutembelea siku hiyohiyo. Alikaa chini ya saa moja. Alikagua logibuku kama imejazwa kila siku na kupigwa saini, akaniuliza kama anawahi kazini na ana nidhamu, nikajibu ndiyo. Simlaumu kama mtu, alikuwa amechoka na gari lilikuwa linamngoja. Ila hakuuliza swali moja ambalo jibu lake lingekuwa ile laktomita. Ripoti nayo ilikuwa na mpangilio wake: historia ya kituo, muundo wa uongozi, shughuli za kila siku, changamoto, mapendekezo. Kisa hiki chote kilipata nusu ukurasa chini ya "changamoto". Alama alizopata ni za wastani, kwa sababu wiki tatu za mwanzo logibuku yake ilisema "kuosha keni" kila siku. Yule kijana wa uhasibu aliyetoa kopi wiki nane alipata zaidi. Logibuku yake ilikuwa safi na imejaa maneno mazuri. Nami ndiye niliyesaini zote mbili.

Kwa hiyo ninapoulizwa tatizo la fildi ni nini, sianzi na urefu wa muda. Ninaanza na swali: nani anamiliki kile mwanafunzi anachokwenda kujifunza? Kwetu hakikuwa na mwenyewe. Mimi nilimpokea kama mgeni wa kuhifadhiwa, chuo kikamkagua kama mtu wa mahudhurio. Ungemwongezea miezi sita kwa utaratibu uleule, angeosha keni nyingi zaidi.

Mwaka uliofuata tulijaribu vingine. Orodha ya chuo ilikuwa imempangia kiwanda cha vinywaji Dar es Salaam, kwa hoja kwamba mwanafunzi aone sehemu tofautitofauti. Hoja ina maana yake. Lakini kurudi mahali unapopajua kuna faida ambayo sehemu mpya haiwezi kukupa: hupotezi wiki tatu kuzoea, watu wanakuamini, na unaona kama ulichokibadilisha mwaka jana bado kimesimama. Niliandika barua kumwomba arudi, na nikaomba jambo la pili, kwamba mradi wake wa mwaka wa mwisho utokane na tatizo la kituo chetu. Mwalimu wake wa mradi, mama mmoja makini sana, alinipigia simu. Tulizungumza kwa muda kuhusu swali lenyewe: maziwa ya ukingoni yanayokataliwa, ni mangapi yametiwa maji, mangapi ni ya moto, mangapi ni ya ng'ombe wenye njaa? Ile simu ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Kwa mara ya kwanza chuo na kituo walikuwa wanamtuma mtu mmoja swali moja.

Msimu wa pili hakuosha keni, au tuseme aliosha kama sisi wote tunavyoosha. Alitengeneza jedwali la Kiswahili, maandishi makubwa, likabandikwa ukutani mapokezi: maziwa ya nyuzi 25 yasome angalau 27, ya nyuzi 30 yasome angalau 26, na kadhalika, ili mpokeaji asihitaji kupiga hesabu wakati foleni inamsukuma. Fomu ikaongezwa safu ya joto. Alikutana pia na jambo lililompa shida zaidi. Maziwa ya mama mmoja yalikuwa yakikatika kwenye kipimo cha alkoholi, kile cha kukamata maziwa yaliyoanza kuharibika, ilhali yameletwa mapema na hayana uchachu. Alidhani vyombo vichafu, akakosea, akaenda mara ya pili nyumbani kwa yule mama na afisa ugani, wakakuta ugonjwa wa kiwele. Kukosea kule kuliingia kwenye ripoti, na mwalimu wake akampa alama kwa jinsi alivyoeleza alichodhani mwanzo na kilichomfanya abadili mawazo. Nilifurahi mno kusikia hivyo.

Haya tunayoyatafuta si mageni duniani. Mwaka 1906 Herman Schneider, mhandisi aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Cincinnati nchini Marekani, alianza na wanafunzi 27 aliowapanga wawiliwawili: wiki hii mmoja yuko darasani na mwenzake karakanani, wiki ijayo wanabadilishana. Kwa msimamizi kama mimi huo mpango wa wawiliwawili ndio ufunguo, kwa sababu maziwa hayajui likizo. Mwanafunzi wa wiki nane akiondoka, kazi yake inakufa. Wakiwa wawili wanaopokezana, kazi ina mtu mwaka mzima, na mwajiri ana sababu ya kumfundisha anayejua atamrudia. Chuo Kikuu cha Waterloo cha Kanada kilianza na mtindo wa kupishanisha masomo na kazi mwaka 1957. Katika jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, tangu 1974 kuna vyuo ambako mwanafunzi ana mkataba na mwajiri, anapishanisha takriban miezi mitatu darasani na mitatu kazini, na analipwa hata akiwa darasani.

Hata sisi tulishajaribu. Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ikikutana Musoma iliamua kwamba kijana akimaliza sekondari apite Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, na aingie chuo kikuu akiwa na mapendekezo ya alikofanya kazi. Sharti lililegezwa na hatimaye likaachwa. Mjomba wangu ni mtu wa kundi hilo. Alifanya kazi reli hapa Tanga kabla ya kwenda Mlimani kusoma uhandisi, na husema darasani walikuwa wakimuuliza mwalimu maswali ya injini waliyoiacha ikiwa mbovu. Nadhani walichokosa ni kurudi: kazi ilitangulia, masomo yakafuata, na njia ya kupishanisha haikuwepo. Ila waliotunga sharti lile walijua kwamba anayeingia darasani na swali lake hasomi sawa na anayeingia bila swali.

Siku hizi serikali ina mpango wa mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu, na mradi wa HEET, wa kuboresha elimu ya juu, ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 unavitaka vyuo vikuu vya umma vihuishe mitaala kwa kushirikiana na waajiri. Mpango wa wahitimu ni mzuri, lakini unakuja baada ya shahada, wakati mtu hana tena darasa la kurudi nalo swali. Kinachonipa matumaini zaidi kwa mkoa wetu ni umbali. Kupishana wiki kwa wiki hakuwezekani kama chuo kiko safari ya basi ya siku nzima. Chini ya HEET Chuo Kikuu Mzumbe kinapata kampasi wilayani Mkinga. Kozi zake si za maziwa, najua. Lakini hapa kuna vyama vya ushirika, mashamba ya mkonge, bandari, kiwanda cha saruji, vyote vina hesabu, mikataba, stoo na watu wa kusimamia. Yule kijana wa uhasibu angeweza kupewa swali la maana: kwa nini malipo ya wafugaji wetu huchelewa siku zilezile kila mwezi? Liko wazi kwenye risiti alizokuwa akizipanga. Sikumpa.

Kuhusu ajira niseme ukweli wote. Alihitimu akakaa nyumbani miezi minane. Uzoefu wake haukuumba nafasi ambayo haipo, na ningemdanganya kijana yeyote nikimwambia vinginevyo. Nafasi ilipotokea, ya kupima ubora kwenye kiwanda kimoja cha maziwa, waliitwa wengi. Aliniambia kwamba waliulizwa swali moja wote: eleza tatizo la kazini uliloligundua wewe mwenyewe. Alieleza ya laktomita kuanzia keni ya moto. Jopo likamletea laktomita yao mezani. Akaitazama shingo kabla ya kitu kingine chochote, akawaambia hii yenu ni ya nyuzi nyingine, si 20, msitumie jedwali langu. Yuko hapo mpaka leo kwa mkataba.

Julai hii nategemea wawili, na safari hii sikungoja barua. Niliongea na yule mama mwalimu tangu Machi. Chuo bado hakiwezi kuwapishanisha wiki kwa wiki, tumekubaliana mmoja aje Julai na Agosti, mwenzake apokee Septemba, na wote wawili wafanye mradi mmoja kuhusu maziwa ya jioni, yale yanayolala kwa mfugaji hadi asubuhi. Mpokeaji ndiye atakayewafundisha siku tatu za kwanza, ameomba mwenyewe. Kipimajoto cha mapokezi kimefungwa kamba kwenye msumari chini ya jedwali, na yule mzee akifika hukishusha yeye, hukitia kwenye keni yake, na kusoma kwa sauti kabla mpokeaji hajashika laktomita.